MASHAURI YA KILIMO: ADUI WA UKWAJU HUKAA NDANI YA GANDA

Mwishoni mwa Desemba 2019 nzige wa jangwani waliingia Kenya kutoka Somalia, na mwaka 2020 makundi yao yakaenea Mandera, Wajir, Garissa na sehemu nyingine nyingi za nchi. Kila mtu aliwaona, mkubwa kwa mdogo. Serikali ilipeleka ndege za kunyunyiza dawa, na wenye mashamba walipiga madebe ili kuwafukuza. Lakini yuko mdudu mwingine asiye na kelele wala kundi la kutisha, naye hula mali ya watu pasipo kupigiwa debe hata moja. Huyo ni mdudu wa ukwaju.

Mkwaju, ambao Wasomali huuita raqai, ni mti wa asili wa Afrika, nao hupenda kumea kandokando ya mito. Mizizi yake hushuka chini sana kutafuta maji, kwa hiyo huvumilia kiangazi kikali. Yafaa kukumbuka miaka ya ukame, mvua zilipokosekana misimu mitano mfululizo, tangu mwisho wa mwaka 2020 hata mwisho wa mwaka 2022. Katika ukame ule mifugo zaidi ya milioni 2 ilikufa nchini Kenya. Mtu aliyekuwa na ng'ombe peke yake alibaki na ngozi. Mti wenye mizizi mirefu ni akiba ya namna nyingine, maana hauhami wala haufi upesi kwa kiu. Basi gunia moja la ukwaju uliobunguliwa si jambo dogo. Ni unga wa nyumbani na karo ya mtoto vilivyoliwa na mdudu.

Watu wengi waonapo matundu katika maganda hukimbilia dukani kununua dawa, kisha huunyunyizia mti mzima. Kufanya hivyo ni sawa na kuchapa paa la nyumba kwa fimbo hali mwizi amekwisha kuingia chumbani. Dawa hukaa juu ya majani na juu ya ganda. Funza yumo ndani ya kokwa, wala haimfikii. Tena mbuzi hula majani ya mkwaju, nyuki huyafuata maua yake, na mvua yaweza kuichukua dawa hata mtoni ambako watu huchota maji ya kunywa. Kwa hiyo yapasa kwanza kumjua mdudu mwenyewe.

Wadudu wa majani na matawi

Viwavi hula majani machanga. Mti mkubwa huwastahimili na kuchipua tena, lakini mche mdogo waweza kufa. Vidukari, vidung'ata weupe kama waliopakwa unga, na wadudu wenye magamba yaliyogandamana na kijiti, hawa wote hufyonza utomvu. Dalili yao ni majani kunata kama yaliyopakwa asali, kisha kufanya weusi kama masizi. Dalili nyingine ni msafara wa chungu wapandao na kushuka shinani. Chungu hao hawaudhuru mti wenyewe, lakini huwalinda wafyonzaji kama mchungaji alindavyo mbuzi wake, kwa kuwa hula ule utamu wao.

Dawa ya hao ni nyepesi. Tawi lililojaa wadudu likatwe na kuchomwa moto. Shina lizungushiwe kitambaa kilichopakwa grisi ili chungu wasipande. Miche inyunyiziwe maji ya sabuni, au maji ya mbegu za mwarobaini, mti ambao ni mwingi mjini Garissa. Kiini cha mbegu zilizokaushwa hutwangwa, na gramu 50 za unga wake hulowekwa katika lita moja ya maji usiku kucha. Kisha maji huchujwa na kunyunyizwa jioni, maana jua kali huiharibu nguvu yake. Wale wadudu wadogo wa mviringo, wekundu wenye madoa meusi, wasiuawe. Wao na watoto wao hula vidukari.

Wadudu wa ganda na kokwa

Hapa ndipo penye hasara yenyewe, nao wadudu ni wawili.

Wa kwanza ana rangi ya kahawia, urefu wake kama nusu sentimita, na miguu yake ya nyuma ni minene sana. Hutaga mayai juu ya ganda lililokomaa, tangu likiwa bado mtini. Mtoto wake hutoboa ganda, akaingia ndani ya kokwa na kuila. Akiisha kushiba hutoka, akajifumia kifuko chembamba kama karatasi ili ageuke kuwa mdudu kamili. Mdudu huyu hula njugu pia, kwa hiyo mwenye kuweka ukwaju na njugu katika ghala moja humwandalia karamu mbili.

Wa pili ni fukuzi wa ukwaju, ndugu wa yule fukuzi wa mahindi. Ni mdogo, mwembamba, mwenye pua ndefu. Huingia hasa penye ganda lililopasuka au penye tundu la mdudu wa kwanza, naye huzaana ghalani pasipo kukoma maadamu kokwa zipo.

Mkulima atakaye kujua ni yupi amshambuliaye achukue maganda 20 kutoka matawi mbalimbali, ayatie katika chupa pana, na kuifunga mdomo kwa kitambaa chepesi. Achungulie kila juma kwa muda wa miezi miwili. Yule aliyekuwa amejificha atatoka mwenyewe na kuonekana kwa macho.

Namna ya kuwazuia

Tangu ua hata tunda kuiva hupita miezi minane hadi kumi. Ukwaju ulioiva waweza kuning'inia mtini miezi mingi bila kuanguka, na watu husema, "Uacheni, hauozi." Kweli hauozi, lakini kila juma upitalo ni nafasi ya mdudu kutaga. Basi ganda likianza kuvunjika kwa urahisi likibanwa vidoleni, na likitoa sauti ya uwazi likigongwa, wakati wa kuchuma umefika. Matawi yatikiswe; yasipigwe kwa miti, kwa kuwa fimbo hupasua maganda na kumfungulia fukuzi mlango.

Maganda ya zamani yaliyoanguka yaokotwe, na yaliyotobolewa yachomwe moto mbali na shina. Mkulima mmoja akifagia na jirani yake asifagie, mdudu ataruka kutoka kwa huyu hata kwa yule. Kwa hiyo kazi hii yataka wenye miti ya mahali pamoja waifanye siku moja.

Baada ya kuchuma, ukwaju uanikwe juani juu ya jamvi siku tano hata saba. Kisha ubanguliwe, na kokwa na nyuzi zitolewe. Hili ndilo jambo kubwa kuliko yote, kwa sababu wadudu hawa wawili hulelewa ndani ya kokwa, na asiye na nyumba hawezi kuzaa. Nyama yake ishindiliwe pamoja na chumvi kidogo katika chombo safi chenye kifuniko kikazacho. Mwenye kutaka kuuweka na maganda yake kwa muda atumie mifuko isiyopitisha hewa, ambayo siku hizi huuzwa kwa kuhifadhia mahindi. Humo mdudu hufa kwa kukosa pumzi. Magunia ya mwaka jana yasitumiwe kabla ya kuchemshwa na kuanikwa, na ghala lifagiwe hata katika nyufa za ukuta.

Huenda mtu akasema kwamba kubangua ni kazi ya kuchosha. Ni kweli. Lakini hasara ya gunia lililobunguliwa ni kubwa kuliko uchovu wa siku mbili, na mnunuzi aliyeona unga wa fukuzi ukimwagika kutoka guniani hatarudi kwa muuzaji yule.

Wazee walisema, "Kikulacho ki nguoni mwako." Nzige walitoka mbali, wakaonekana, wakapigwa. Huyu wa ukwaju hubebwa na mwenye mali mwenyewe kutoka mtini hata ghalani, na kutoka ghalani hata sokoni. Silaha za kumshinda hazina bei: ni kuchuma mapema, kufagia, kuanika na kubangua.