Ukumbi wa Ngoma Ujengwe Mtelemkoni



Natoa maoni yangu juu ya ukumbi wa ngoma na michezo ya kuigiza unaokusudiwa kujengwa shuleni kwetu, hapa mjini Kasulu. Wako wasemao ujengwe katika kiwanja cha mpira, kwa kuwa ndipo penye ardhi sawa. Mimi nasema sivyo. Mpira tutachezea wapi?

Nyuma ya mabweni tunayo ardhi iliyobanwa kati ya barabara na korongo. Imeinama, na kila msimu wa mvua udongo wake mwekundu huchukuliwa na maji. Kwa hiyo watu huiita mbovu. Lakini mtelemko huo ndio viti vyenyewe! Kule Epidauros, Ugiriki, watu wa kale walijenga viti vya mawe ubavuni mwa kilima, yapata miaka 2,300 iliyopita. Hutosha watu wapatao 14,000, na hata leo michezo huonyeshwa pale. Aketiye nyuma yuko juu, basi huona na kusikia. Sisi watutosha mia nne tu. Ila mfereji uchimbwe upande wa juu kabla ya kazi nyingine yoyote, na ukingo wa korongo upandwe mabingobingo yashike udongo.

Juu ya paa, wengine wapenda nyasi kwa kuwa hazina kelele. Kweli, muhula uliopita mvua ilipiga bati hata maneno ya mfalme katika mchezo wetu hayakusikika (na mfalme nilikuwa mimi). Lakini tukumbuke ukumbi wa Chuo cha Sanaa Bagamoyo, ulioezekwa kwa makuti, ambao uliteketea kwa moto mwaka 2002. Afadhali bati lenye dari nene chini yake. Tena bati hutupa maji: mvua ya milimita 10 juu ya paa la mita za mraba 300 ni lita 3,000.

Matofali nayo yasichomwe. Mimi ni mtoto wa Kibondo, nimeona jinsi tanuru moja linavyomeza miti. Udongo uchanganywe na saruji kidogo, ushindiliwe kwa mashine, ukomazwe kivulini.

Wazazi watakapokuja mkutanoni, nawaomba kwanza waende kule nyuma. Mmoja asimame chini aseme kwa sauti yake ya kawaida, wengine wakae juu wasikilize.

Mwanafunzi, Kidato cha Nne