Filta Haitobolewi

Kuna imani imeota mizizi katika gereji zetu, kuanzia Gerezani jijini Dar es Salaam hadi Kirinyaga Road jijini Nairobi, na sasa imehamia hata majumbani kwa watu wanaomwaga oili ya gari wenyewe. Imani yenyewe ni hii: filta ya oili ikigoma kufunguka, hasa ile iliyojificha mahali mkono haufiki vizuri, chukua bisibisi ndefu, igongomee katikati hadi itokee upande wa pili, kisha uizungushe. Inasemwa kwa uhakika kiasi kwamba kijana anayejifunza kazi haichukulii kuwa njia ya mwisho. Kwake ndiyo njia yenyewe. Ni imani potofu, inaharibu mali za watu, na ni wakati iachwe.

Tazama kinachotokea. Filta hii ya kuzungusha ni kopo la bati jembamba. Ndani mna karatasi ya kuchujia iliyokunjwakunjwa, na kinacholishika kopo kwenye injini ni kitako kinene chenye nyuzi pamoja na mpira wa duara unaokandamizwa kwenye bloku. Ugumu wote uko hapo kwenye kitako, lakini bisibisi umeipitisha kwenye bati. Ukivuta, matundu mawili uliyotoboa yanatanuka na kuwa mipasuko, mipasuko inazunguka kopo, na punde umeshika bati lililochanika, kitako kimebaki palepale, oili nyeusi inakutiririka hadi kiwikoni. Lile kopo ndilo lililokuwa la kushikwa na mkanda au kikombe cha kufungulia filta. Sasa umeliharibu. Kinachofuata ni patasi na nyundo kwenye ukingo wa kitako, karibu kabisa na uso wa bloku ambao mpira wa filta mpya unatakiwa kuukalia. Ukiukwaruza uso huo, umejitafutia uvujaji usiokwisha.

Watetezi wa bisibisi watauliza: mbona kwangu imetoka? Imetoka kwa sababu haikuwa imeshika kiasi hicho. Filta inayokubali kuzunguka kabla bati halijachanika ingezunguka kwa mkanda vilevile. Iliyogoma kwelikweli ndiyo inayochanika. Kwa hiyo bisibisi inafaulu pale ambapo haikuhitajika.

Na hilo la mahali pa kujificha ndilo linalonishangaza zaidi, maana hapo bisibisi ndiyo isiyofaa kabisa. Chukua Subaru Forester za zamani zenye injini za EJ, ambazo zimejaa katika barabara zetu. Filta yake inatazama chini, na mabomba ya ekzosi yameizunguka. Bisibisi ndefu inahitaji uwanja wa kuzungukia. Pale inagonga bomba mapema, na ukitaka kuendelea itabidi uichomoe utoboe upya, bati lizidi kudhoofika. Kikombe kinachoendana na saizi ya filta, kikiwa juu ya ekstensheni, kinapanda kutoka chini moja kwa moja na hakina haja ya nafasi ya pembeni. Subaru wenyewe katika injini za FB zilizofuata waliihamishia filta juu, ukifungua boneti unaiona. Na zipo Toyota za miaka ya karibuni ambazo filta yake ni karatasi tupu ndani ya kifuniko kinachofunguliwa kwa kikombe chake maalumu, na kifuniko chenyewe kimeandikwa kikazwe kwa 25 N·m. Ukikitoboa hicho, umetoboa kipuri cha gari, si filta.

Bisibisi ina dhambi nyingine isiyosemwa: haina kurudi nyuma. Filta nzima iliyogoma ni usumbufu tu, kwani gari bado linatembea na unaweza kulipeleka kwa mwenye kifaa. Iliyotobolewa imelifunga gari hapohapo uani. Ndiyo maana nasema anza na filta kabla ya kumwaga oili. Ilegeze kidogo kwanza. Ikikataa, hujapoteza kitu.

Lakini kwa nini inagoma? Mara nyingi ni kazi ya aliyeifunga. Hapa ndipo imani ya bisibisi inapokutana na pacha wake, ile inayosema filta ikazwe kwa spana ili isivuje. Maboksi mengi ya filta yana maelekezo: paka oili safi kwenye mpira, zungusha kwa mkono hadi mpira uguse bloku, kisha ongeza robo tatu ya mzunguko hadi mzunguko mmoja. Basi. Anayefunga mpira ukiwa mkavu na kumalizia kwa spana anauminya kupita kiasi, joto la injini linauchoma miezi kadhaa, nao unang'ang'ania bloku. Mpira uliominywa hivyo unaweza hata kukatika na kuvuja, jambo lilelile aliloliogopa. Halafu fundi mwingine analala uvunguni, anajaribu mara moja, anatoka na kumwambia mwenye gari, "Bosi, hii imeshagoma, tuitoboe tu."

Wapo pia wanaoikaza zaidi wakidhani wanaifungua. Kufungua ni kinyume cha saa ukiwa unatazama ncha iliyozibwa ya filta. Anayeingiza mkono kutoka juu kwenye filta inayoning'inia anaona mambo yamegeuka.

Kazi ya kuitoa kwa heshima si ngumu. Washa injini kidogo iwe vuguvugu, si ya moto, kwa kuwa ekzosi inaunguza. Gari likae juu ya stendi. Jeki peke yake isikuweke uvunguni kamwe. Futa kopo likauke kabisa, maana oili ndiyo inayofanya mkanda uteleze, na ukiteleza bado, weka kipande cha msasa chini ya mkanda, upande wa mkwaruzo ukielekea bati. Ondoa kizuizi cha tope kama kinabana, au kata usukani uone kama pitio liko upande wa gurudumu. Filta ikitoka, pitisha kidole kwenye bloku uhakikishe mpira wa zamani haukubaki. Ukifunga mpya juu ya mpira wa zamani, oili inaweza kuruka yote ndani ya dakika chache, na injini inanoki.

Nawe mwenye gari, siku ya sevisi usikae kivulini na simu. Sogea wakati filta mpya inafungwa. Fundi akishamaliza kwa mkono kisha akanyoosha mkono kwenye spana, mzuie.