Karanga zenye ukungu zisishushwe bei, zitupwe

Ndugu mkulima, na wewe mfanyabiashara unayepeleka mzigo Kariakoo, leo naomba tuzungumzie ini lako na la mteja wako.

Mzigo wa karanga ukifika sokoni huchambuliwa. Punje nono hupata bei nzuri. Nyingine hukaangwa, zikafungwa kwenye karatasi na kuuzwa kwa abiria wa daladala pale Posta. Je, zilizosinyaa, zilizovunjika na zenye ukungu huenda wapi? Wengi tunajua jibu: hushushwa bei, zikasagwa, zikaingia kwenye mboga na uji wa watoto. Zikishasagwa, hakuna jicho linaloweza kuzitambua tena.

Maoni yangu ni kwamba punje hizo si daraja la tatu. Ni sumu, na sumu haina bei ya jumla.

Sumukuvu hufanya nini mwilini?

Chakula kikitoka tumboni huingia utumbo mwembamba, ambako virutubisho hunyonywa na kuingia kwenye damu. Damu hiyo haiendi moja kwa moja mwilini. Hupita kwanza kwenye ini, kama lori linavyopita mizani kabla ya kuingia mjini. Ini hukagua na kuvunja sumu. Tatizo ni kwamba sumukuvu ikivunjwa na ini hugeuka kuwa kali zaidi, ikaharibu chembe za ini lenyewe.

Mtu akila nyingi kwa muda mfupi hutapika, tumbo huuma na kuvimba, macho huwa ya manjano, na anaweza kufa. Mwaka 2016 hayo yalitokea katika mikoa ya Dodoma na Manyara: wagonjwa 68 waliripotiwa na 20 kati yao walifariki. Kenya mwaka 2004 walifariki watu 125 kwa mahindi yenye sumu hiyo hiyo.

Akila kidogo kidogo kwa miaka, hatasikia chochote, lakini anajiweka kwenye hatari ya saratani ya ini. Mwenye virusi vya homa ya ini B hatari yake huwa kubwa mara nyingi zaidi.

"Moto unaua kila kitu"

Hii naisikia kila kijiji. Moto wa jikoni unaua ukungu, lakini sumu ambayo ukungu umeshaiacha inabaki. Kukaanga hupunguza tu. Wala usiseme utampa ng'ombe: akila, sumu hutokea kwenye maziwa, nayo utamnywesha mwanao.

Lawama si ya mkulima peke yake

Najua utaniuliza: nitupe debe zima wakati ada ya shule inadaiwa? Swali ni la haki. Sisi maofisa tunakuhimiza ukaushe na uchambue, halafu mnunuzi anakuja na mzani, anamlipa aliyekausha bei ya kilo ile ile ya aliyeleta mzigo wenye unyevu. Unyevu una uzito, kwa hiyo mzembe anapata zaidi. Mzani wa namna hiyo unanunua maji na ukungu.

Ndiyo maana naamini mabadiliko yaanzie kwa mnunuzi. Mfanyabiashara, tenganisha bei: anayeleta mzigo mkavu uliochambuliwa mwongeze, na wenye ukungu ukatae kabisa, usiuombee punguzo. Ukiununua kwa bei ya kutupa, umemfundisha mkulima kuuleta tena msimu ujao.

Mambo ya kufanya

- Vuna kwa wakati. Usiache karanga zilizokomaa ardhini.
- Anika juu ya turubai au kichanja, kamwe si kwenye udongo.
- Kausha mahindi hadi unyevu usizidi asilimia 13.5. Huna kipimo? Tia mahindi na chumvi kavu kwenye chupa kavu ya kioo, tikisa, kisha acha dakika 15. Chumvi ikiganda kwenye kioo, rudisha mahindi juani.
- Usiloweke karanga ili zibanguliwe kirahisi. Maji hayo ndiyo yanayoalika ukungu.
- Chambua kabla ya kusaga. Punje yenye ukungu, iliyosinyaa au iliyobadilika rangi itoe, uifukie.
- Panga magunia juu ya chaga, mbali na ukuta.

Debe moja lililochambuliwa huenda likatoa kisado kimoja cha punje mbovu. Hiyo ni hasara, sikatai. Lakini kisado hicho kikichanganywa kwenye gunia la kusaga, kinaharibu gunia zima, na anayelipia ni mtu aliyekuamini akakupa pesa yake.

Mnunuzi wa Kariakoo hakujui jina wala hajui shamba lako liko wapi. Anachokijua ni kwamba karanga ni chakula. Tusimfanye ajutie.

Ukihitaji kuelekezwa kukausha au kuhifadhi, muone afisa ugani wa kata yako. Huduma hiyo ni haki yako.