Umbo la molekuli si shairi la kukariri

Najua nimenyamaza kwa wiki kadhaa, kazi zimenisonga hadi shingoni. Leo nimerudi, lakini sitaandika juu ya programu mpya wala simu mpya. Nitaandika juu ya kemia. Nina hasira kidogo, kwa hivyo mnivumilie.

Mdogo wangu yuko mwaka wa kwanza chuoni. Majuzi alinipigia simu usiku, sauti imekauka kwa kulia. Alikuwa amerudishiwa karatasi ya mtihani mdogo wa kemia, amepata alama nne kwa ishirini. Swali lililommaliza lilikuwa hili: chora umbo la molekuli ya SF4, kisha useme kama ni polari au si polari.

"Kaka, hiyo molekuli haikuwa kwenye jedwali!"

Jedwali gani? Akanitumia picha. Ni ukurasa mmoja wa maelezo ya darasani, mistari kumi na mitatu. Upande wa kushoto jina la molekuli, katikati umbo, upande wa kulia "polari" au "si polari". Juu yake mhadhiri ameandika: mjue hili jedwali kwa moyo. Basi. Hakuna mstari hata mmoja unaoeleza majibu hayo yalitoka wapi.

Msichana wa watu alifanya alivyoambiwa. Alilijua kwa moyo. Alipoiona SF4 akaikumbuka methane, CH4, ambayo ipo kwenye jedwali. Zote mbili zina atomu nne zinazoizunguka moja. Akanakili jibu la methane: tetrahedroni, si polari. Amekosa yote mawili. Halafu akaniambia maneno ambayo ndiyo yaliyonikalisha hapa kuandika: "Mimi nafikiri si mtu wa kemia. Wacha nibadilishe kozi."

Jamani! Huyu si mtu asiyejua kemia. Huyu ni mtu ambaye hajawahi kufundishwa kemia. Amepewa matokeo ya programu, na programu yenyewe ikafichwa.

Nisemeje ili wenzangu wa tarakilishi wanielewe? Fikiria umeajiri mtu akuandikie programu ya kujumlisha namba, naye akakuletea faili yenye mistari kumi na mitatu: 2 na 3 ni 5, 4 na 4 ni 8, na kadhalika. Ukimuuliza 6 na 7, anakuambia haimo. Ungemlipa? Basi hivyo ndivyo maumbo ya molekuli yanavyofundishwa katika madarasa mengi, na tunashangaa kwa nini vijana wanaikimbia sayansi.

Kanuni yenyewe

Na uchungu zaidi ni kwamba kanuni ipo, ni fupi, na si siri. Mwaka wa 1940 Waingereza wawili, Sidgwick na Powell, walionyesha kwamba umbo la molekuli linafuata idadi ya jozi za elektroni zilizoizunguka atomu ya katikati. Mwaka wa 1957 Ronald Gillespie na Ronald Nyholm, wakiwa London, wakalikamilisha wazo hilo likawa kanuni ambayo mwanafunzi anaweza kuitumia kwa kalamu na karatasi.

Wahenga walisema fahali wawili hawakai zizi moja. Jozi za elektroni ni fahali waliolazimishwa kukaa zizi moja. Hawawezi kutoka, basi kila mmoja anakwenda kona iliyo mbali kabisa na wenzake. Hilo ndilo wazo lote. Sasa tulipange kama programu:

Hatua ya 1. Chukua atomu ya katikati, hesabu elektroni za ganda lake la nje.

Hatua ya 2. Toa zile zinazotumika kuzishika atomu za pembeni: moja kwa kila haidrojeni, florini au klorini, mbili kwa kila oksijeni. Zinazobaki zigawe kwa mbili. Hizo ni jozi pweke, yaani jozi ambazo hazijashika atomu yoyote. (Kama ni ioni, rekebisha hesabu kulingana na chaji yake.)

Hatua ya 3. Jumlisha atomu za pembeni na jozi pweke. Hizo ndizo nafasi zinazogombania zizi. Nafasi 2 hukaa kwenye mstari, nyuzi 180. Nafasi 3 hufanya pembetatu bapa, nyuzi 120. Nafasi 4 hufanya tetrahedroni, nyuzi 109.5. Nafasi 5 hufanya piramidi mbili za pembetatu zilizogeuziana vitako. Nafasi 6 hufanya oktahedroni, nyuzi 90.

Hatua ya 4. Sasa zifumbie macho jozi pweke, utaje umbo la atomu peke yake. Usisahau kwamba jozi pweke hujitanua kuliko zile zilizoshika atomu, kwa hivyo huzibana pembe. Methane haina jozi pweke, pembe ni 109.5. Amonia ina moja, pembe ni karibu 107. Maji yana mbili, pembe ni 104.5.

Hatua ya 5. Kwa upolari, chora mshale kwenye kila kifungo ukielekea atomu inayovuta elektroni zaidi. Jumlisha mishale pamoja na mielekeo yake. Ikifutana, molekuli si polari. Ikibaki na mwelekeo, ni polari.

Hatua tano! Mistari michache kuliko lile jedwali.

Ndugu watatu wenye florini nne

Hebu tuijaribu kwa molekuli tatu: CF4, SF4 na XeF4. Kwa macho zinafanana kama ndugu. Kila moja ina atomu moja katikati na florini nne pembeni. Mtu wa jedwali atazipa umbo moja.

CF4: kaboni ina elektroni 4 za nje, toa 4, inabaki 0. Hakuna jozi pweke. Nafasi ni 4. Tetrahedroni. Mishale minne inavutana sawasawa kila upande, inafutana. Si polari.

SF4: salfa ina 6, toa 4, zinabaki 2, yaani jozi pweke moja. Nafasi ni 5. Jozi pweke inapenda kukaa kiunoni mwa zile piramidi mbili, kwa sababu hapo pana nafasi zaidi. Ukiifumbia macho, florini zilizobaki zinafanya umbo la bembea ya ubao, ile ambayo mtoto mmoja anakaa huku na mwingine kule. Upande mmoja hauna wa kuusawazisha. Ni polari.

XeF4: zenoni ina 8, toa 4, zinabaki 4, jozi pweke mbili. Nafasi ni 6. Jozi mbili zinakimbiana, moja juu na moja chini, na florini nne zinabaki katikati zikiwa mraba bapa. Mishale inafutana. Si polari.

Florini nne, maumbo matatu, na majibu mawili ya upolari. Nilimpitisha mdogo wangu kwa simu na salio likaisha katikati. Nilipompigia tena alikuwa ameshaimaliza XeF4 mwenyewe. Huyo ndiye "si mtu wa kemia".

Aibu yangu mwenyewe

Sasa nikiri. Nilijivuna nikamwambia nitamwandikia programu ndogo ya kujifunzia, ya kutumia kwenye kivinjari. Nikaketi Jumamosi asubuhi nikaanza. Mnajua toleo la kwanza lilikuwa nini? Lilikuwa jedwali! Nilinakili mistari yake kumi na mitatu ndani ya msimbo, nikaweka kisanduku cha kutafutia, nikaona nimefanya kazi. Ni baada ya chai ndipo nilipogundua kwamba mimi ninayepiga kelele nimefanya kosa lile lile, tena kwa rangi nzuri zaidi.

Nikafuta, nikaandika hatua nilizowapa hapo juu. Umbo likakubali. Kwenye upolari nikafanya haraka: nikalinganisha uwezo wa atomu mbili kuvuta elektroni kwenye kipimo cha Pauling, na tofauti ikiwa kubwa programu iseme "polari". Nikamtumia.

Jioni akaniandikia: "Kaka, programu yako inasema SO3 ni polari. Si kweli."

Nikataka kubisha. Oksijeni ni 3.44, salfa ni 2.58, tofauti ni kubwa! Akanijibu kwa mchoro wa kalamu. Salfa ina 6, oksijeni tatu zinachukua 6, hakuna jozi pweke. Nafasi 3, pembetatu bapa. Mishale mitatu kwa nyuzi 120, kama watu watatu wanaovuta kamba kutoka pande tatu kwa nguvu sawa. Pete ya katikati haiendi popote. Nilikuwa nimehesabu nguvu nikasahau mwelekeo. Mimi mwenye digrii ya sayansi ya tarakilishi, niliyefanya vekta mwaka mzima!

SO3 haikuwa kwenye jedwali lake. Wiki mbili kabla ya hapo angeniamini, kwa sababu hakuwa na chombo cha kunipingia. Sasa alikuwa nacho.

"Lakini tarakilishi itatufanyia"

Najua wasomaji wangu. Kuna mmoja tayari anataka kuniambia kwamba siku hizi kuna programu zinazotabiri maumbo ya protini nzima, na kwamba mwaka wa 2024 Demis Hassabis na John Jumper walipata Tuzo ya Nobel ya Kemia kwa kazi ya AlphaFold. Mtoto anahangaika na fahali na zizi ya nini?

Kwanza, AlphaFold haikuanguka kutoka mbinguni. Ilifunzwa kwa maumbo zaidi ya laki moja yaliyopatikana maabarani kwa miongo mingi, na watu walioelewa walichokuwa wakikitazama. Pili, mimi nimewapa ushahidi. Programu yangu ilidanganya kwa ujasiri, na aliyeinasa ni mtu mwenye kalamu. Kadiri majibu yanavyopatikana kwa urahisi, ndivyo tunavyomhitaji zaidi mtu anayeweza kusema "hapana, hili haliwezekani."

Mwingine atasema walimu hawana wakati, madarasa yamejaa. Hilo naliheshimu, najua hali. Lakini kukariri mistari kumi na mitatu kunachukua muda mrefu kuliko kuelewa hatua tano, na baada ya mtihani kunayeyuka. Mimi mwenyewe nilizikariri pembe za maji na amonia nikiwa shule ya upili. Nilipata alama nzuri na sikujua lolote.

Tena tukumbuke watu wamekuwa wakitabiri maumbo haya kabla ya mashine yoyote ya kuyaona. Mwaka wa 1874 kijana Mholanzi wa miaka 22, van 't Hoff, alidai kwamba vifungo vinne vya kaboni havijalala bapa, vinaelekea pembe za tetrahedroni. Hoja yake unaweza kuifuata sasa hivi. Kama kaboni ingekuwa mraba bapa, CH2Cl2 ingepatikana kwa aina mbili: klorini zikiwa jirani, au zikitazamana. Inapatikana aina moja tu. Basi mraba haufai. Mwaka wa 1877 profesa mkubwa wa Ujerumani, Kolbe, alimkejeli hadharani. Mwaka wa 1901 huyo kijana akapata Tuzo ya Nobel ya Kemia, ya kwanza kabisa kutolewa. Hakukariri jedwali, kwa sababu halikuwepo.

Sisemi kanuni hii ni msahafu. Ina mipaka. Kwa H2S inasema umbo limepinda, na ni kweli, lakini pembe yenyewe ni karibu nyuzi 92, mbali na ile ya maji. Kwa madini kama chuma na shaba huwa inayumba. Mwanafunzi anayeijua kanuni anaweza kuuliza kwa nini hapa imeshindwa, na hapo ndipo sayansi inapoanza. Mwanafunzi wa jedwali hana hata mahali pa kulishika swali hilo.

Ninachotaka

Wahadhiri na walimu: lichapisheni jedwali kwenye karatasi ya mtihani, kisha mwulize molekuli ambayo haimo, na alama mtoe kwa hatua.

Wenzangu wa tarakilishi: kabla ya kuandika programu ya kufundishia, jiulize kama umeandika kanuni au umeficha jedwali nyuma ya kitufe.

Nawe mwanafunzi unayetaka kubadilisha kozi kwa sababu ya SF4, ngoja kwanza. Chukua karatasi, hesabu elektroni, waweke fahali kwenye kona zao. Ukishindwa baada ya hapo, tuongee.

Mdogo wangu hajabadilisha kozi. Hitilafu ya mishale nimeirekebisha, na amenipa kazi nyingine: ClF3. Nimeshapata jibu. Ninyi je? Niandikieni umbo na upolari kwenye maoni hapa chini, na hatua zote. Jibu tupu silipokei!