MATANGAZO JUU YA WANAWAKE



Kila mwaka, tangu tarehe 25 Novemba mpaka 10 Desemba, Serikali pamoja na vyama vingi hutangaza siku kumi na sita za kupinga maonevu juu ya wanawake. Redio husema, mabango hubandikwa, nasi twapewa fulana. Twauliza: mtu aliyezoea kumdharau mwanamke ataacha kwa ajili ya bango?

Tumeona wenyewe. Katika stesheni moja palibandikwa picha ya mama, na maneno ya kutaka aheshimiwe. Chini ya picha hiyo hiyo wenzetu waliketi kungoja zamu, wakampigia mbinja karani msichana aliyekuwa akipita. Hata mmoja wetu hakuwakemea. Tulitazama viatu vyetu.

Hatusemi matangazo ni bure kabisa. Mwaka 2014, wanawake walipovuliwa nguo kwa nguvu katika vituo vya magari Nairobi, akina mama waliandamana mjini mwezi wa Novemba, na kabla ya mwaka kwisha sheria iliongezwa kulifanya tendo hilo kosa la jinai. Mwaka 2017 mahakama ya Nairobi iliwatia hatiani wanaume watatu kwa uovu wa namna hiyo uliotendwa ndani ya basi mwaka 2014. Tangazo la kumwonya utingo baada ya hukumu kama hiyo lina meno. Kabla yake ni karatasi.

Tena, tarehe 31 Mei 2017 Madaraka Express ilipozinduliwa, wanawake walikuwa kwenye usukani wa injini. Picha zao zilienea nchi nzima, na zilisadikiwa kwa kuwa gari lilikwenda kweli. Wako waliokuwa wakisema kwamba injini si kazi ya mwanamke. Walikata tikiti wakapanda kama sisi.

Wazee wa reli wajua jambo jingine. Wakati wa ukoloni vyumba vingi vya wafanya kazi Nairobi vilijengwa kwa kipimo cha mwanamume peke yake, na mke alihesabiwa kuwa mtu wa kubaki shambani. Hakuna aliyebandika tangazo la kusema mke si mtu wa mjini. Chumba chenyewe kilisema, nasi tukazoea, hata wengine wetu wakadhani ndiyo desturi ya babu zetu!

Basi tutazame vyumba vya leo. Msichana wa zamu ya usiku arudi nyumbani kwa njia gani? Choo chake kiko wapi? Sheria ya Kazi ya 2007 yamtaka mwajiri mwenye watu 20 au zaidi kuandika kanuni za kuzuia kusumbuliwa kimapenzi kazini, baada ya kushauriana na wafanya kazi au wajumbe wao, na kuwajulisha watu wote. Wajumbe hao ni sisi. Ni nani katika tawi letu aliyepata kuisoma karatasi hiyo?

Na tusiwanyoshee wakubwa kidole peke yao. Katika kamati yetu ya tawi mwanamke ni mmoja tu, naye ndiye amiminaye chai.

Katika mkutano ujao tutaomba karatasi ya kanuni iletwe mezani isomwe kwa Kiswahili, na habari ya choo na gari la usiku iandikwe katika madai yetu pamoja na mishahara. Chai tutamimina wenyewe.