Kidonge cha Presha Hakikati Stimu

Propranololi, kidonge cha presha, hupunguza mbio za moyo na kutuliza mikono inayotetemeka. Ndipo inapotoka imani ya vijiweni kwamba aliyetafuna mirungi au kuvuta kokeini akikimeza kidonge hicho, stimu hukatika. Imani hiyo ni ya uongo, na panya wa maabara wameshaiumbua.

Mapigo ya moyo hupandishwa na noradrenalini, na huko propranololi ina kazi. Stimu yenyewe iko kwenye dopamini ya ubongo. Hiyo ndiyo humfanya panya azunguke kizimbani bila kutulia, na dozi ikizidi, anuse na kuguguna mahali pamoja kama aliyerogwa. Haloperidoli, inayoziba vipokezi vya dopamini, huzima vituko hivyo. Propranololi haivizibi. Kibaya zaidi, katika utafiti uliochapishwa 1996, panya waliotangulizwa propranololi kabla ya kokeini walichangamka kuliko waliopewa kokeini peke yake. Kwa binadamu nako, madaktari wa Dallas walionyesha mwaka 1990 kwamba propranololi juu ya kokeini huzidisha kubana kwa mishipa inayolisha moyo. Hiyo ndiyo "dawa ya kukata stimu" inayosifiwa vijiweni.

Dawa za kundi la propranololi zina faida, ila si hiyo. Mwaka 2002 ilionekana kwamba panya walioachishwa kokeini hurudi kuitafuta wakishtuliwa kwa umeme. Dawa hizo zikidungwa katika amigdala, sehemu ya ubongo inayohusika na hofu, hawarudi. Lakini wakionjeshwa kokeini yenyewe, hurudi vilevile. Mwaka 2006 propranololi ilidhoofisha kumbukumbu ya panya kuhusu mahali walipozoea kupewa kokeini, kwa sharti kwamba kumbukumbu hiyo iamshwe kwanza. Dawa hizi hugusa mfadhaiko na kumbukumbu. Ulevi wenyewe haziugusi.

Kwa heroini dawa ipo: Hospitali ya Mwananyamala, Dar es Salaam, ina kliniki ya methadoni tangu 2012, mwaka mmoja baada ya Muhimbili kuanza. Methadoni hukata arosto ya heroini kwa sababu hukaa kwenye vipokezi vilevile vya heroini. Kwa mirungi na kokeini hakuna dawa iliyothibitishwa kufanya kazi ya namna hiyo, na kidonge cha presha hakiwezi kuziba pengo hilo. Ambaye moyo unamwenda mbio baada ya kutumia vitu hivi apelekwe hospitali, na daktari aambiwe bila kufichwa ni kitu gani kimetumika, kabla propranololi haijamezwa.