Amana ya Mlangoni

Wako watu wadaio kwamba mwenye kisu cha kukunja akinyang'anywa mlangoni, kosa ni lake. Dai hili ni nusu ya haki. Kisu kuzuiwa sibishi: Septemba 11, 2001, ndege 4 zilitekwa Marekani kwa visu vidogo, na tangu siku hiyo hadhari ni wajibu. Lakini kuzuia ni jambo moja, na kutwaa mali ya mtu ni jingine.

Kwetu Majengo, Songea, kisu cha mfukoni ni chombo cha kazi: humenya chungwa, hukata kamba ya gunia la mahindi. Apandaye ndege aweza kukitia katika mzigo upakiwao chini. Je, aendaye kwa miguu Uwanja wa Majimaji kutazama mpira, akitie wapi? Akikitupa, hupata hasara. Akikificha, huvunja amri.

Hata mataifa hayaafikiani. Kanada, tangu Novemba 2017, huruhusu kisu kisichozidi sentimita 6 ndani ya ndege, isipokuwa ziendazo Marekani. Marekani nayo ilikusudia vivyo hivyo mwaka 2013, ikaghairi. Basi kwa nini raia ahesabiwe mhalifu kwa jambo ambalo wakubwa wenyewe wanabishania?

Msikitini viatu huvuliwa mlangoni, na mwenyewe huvikuta atokapo. Yapasa kila mlango wa ukaguzi uwe na kasha, bawabu na stakabadhi. Mwenye mamlaka ya kuzuia ana dhima ya kutunza. Atwaaye asirudishe halindi usalama. Apora akiwa amevaa sare.